Matundu Manne ya Skrubu

Walikuja na kibao cha shaba, kizito kama sinia la biriani,
wakautoboa ukuta wangu mara nne:
SHIRIKISHO LA DUNIA LA MBIO ZA PUNDA
MAKAO MAKUU, LAMU.
Chokaa ikamwagika kizingitini. Nikafagia.
Nilisema, ukuta wa matumbawe haupendi pupa.
Fundi akanijibu, bibi, hii ni taasisi.

Miaka sita walikaa ghorofa ya juu,
chumba alichozaliwa mama yangu.
Katibu wao, Shekuwe Famau, kijana wa Mkomani,
alipiga mihuri mpaka adhana ya alasiri.
Nchi ishirini na tatu zilikuwa wanachama;
tatu kati ya hizo hazikuwa na punda hata mmoja.
Zilikuwa na kura.

Kisha ikaja barua. Alinisomea ngazini, sauti chini:
"Kwa sababu za kiutendaji, makao makuu yatahamishwa."
Nikamuuliza, huyu Utendaji ni mwana wa nani?

Akakaa. Akavua miwani.
Ada za nchi moja, alisema, zilikwama benki Nairobi
miezi minane, zikihojiwa kama mgeni asiye na kitambulisho.
Mjumbe mwingine alinyimwa viza,
akapiga kura kwa simu, simu ikakatika,
kimya chake kikahesabiwa ndiyo.
Na huko waendako, mji wa ziwa na theluji,
sheria inawaita chama tu,
kama chama chetu cha kuzikana:
mtoza ushuru hupita mlangoni asisimame,
hakuna anayebisha hodi usiku akitaka madaftari.
Mahakama ya michezo iko ng'ambo ya barabara.
Shirikisho la mishale jirani, la makasia ukuta kwa ukuta,
wanaazimana mawakili kama sisi tunavyoazimana sukari.

Kumbe ni ujirani, nikasema.
Ujirani na kodi, akasema.
La tatu hakulisema,
ila nililiona: karatasi ya mkaguzi
iliyouliza nani aliyelipia safari ya mwenyekiti,
imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza
ili meza isiyumbe.

Siwalaumu sana.
Kaka zangu walihamia Mombasa kwa ajili ya maji ya bomba,
wakaniachia nyumba na popo wake.
Mwenye mzigo hutafuta mlango mpana.
Lakini kaka zangu hawakuondoka na jina la Lamu
wakalibandika kwenye karatasi za barua,
na masikio mawili ya punda juu yake.

Siku ya kuhama, masanduku kumi na moja:
katiba, vikombe, picha za mabingwa waliokwisha kufa
(namaanisha punda, ingawa na wapandaji wawili pia).
Kichochoro chetu hakipitishi gari, kinapitisha ukoo.
Basi makao makuu ya mbio za punda
yakabebwa na punda, watatu, wa Lali Bwanaheri,
polepole, hadi gatini.
Hakuna aliyewapigia makofi.
Nauli ya safari ya mwisho Lali anaidai hadi leo.

Na Shekuwe?
Viza yake ilikataliwa. "Hakuonyesha sababu ya kutosha ya kurudi kwao."
Huyo, aliyekuwa haendi hata Mokowe bila kuaga mara tatu.
Sasa anaandika stakabadhi za saruji Langoni,
mwandiko uleule wa katiba:
mifuko arobaini, imepokelewa, bila pingamizi.

Kila asubuhi punda wa kijivu wa Lali
husimama mlangoni pangu na mawe yake mgongoni,
hutazama juu dirishani.
Shekuwe alikuwa akimtupia maganda ya embe.
Nikamwambia Lali, mwenye fimbo ni wewe, mwondoe.
Lali akacheka: "Punda hayui barua, ayua mlango."

Matundu manne sijayaziba.
Sisimizi wamelichukua la juu kushoto.
Chini yake nimeandika kwa mkaa, herufi kubwa:
CHUMBA KINAPANGISHWA.
Na kwa herufi ndogo, mtu ainame asome:
taasisi hulipa miezi sita mbele.